Viumbe Visivyoonwa Huhesabiwaje?

SWALI: Bwana Mhariri, mwanangu amefundishwa shuleni kwamba duniani kuna aina zipatazo milioni 8.7 za viumbe, ilhali wataalamu wamekwisha kuandika kama milioni 1.2 tu. Ameniuliza: hizo nyingine zimehesabiwaje ikiwa hakuna aliyeziona? Nilinyamaza. – Mzazi, Kadutu, Bukavu

JIBU: Ndugu mzazi, jibu laweza kuanzia kwenye taa ya barazani kwenu. Usiku mvua ikikatika, muokote wadudu wanaoizunguka, kumbikumbi, nondo na mbawakawa, na kuandika kila aina na idadi yake. Usiku wa kwanza karibu kila mdudu ni mgeni; kufikia usiku wa kumi wageni ni wachache. Wageni wakikoma, mmekaribia mwisho, lakini aina nyingi zikiwa zimeonekana mara moja tu, jueni kwamba nyingine nyingi bado hazijafika kwenye taa.

Hiyo milioni 8.7 ilitolewa mwaka 2011 na mtafiti Camilo Mora na wenzake kwa hoja ya jamaa hiyo: faila na ngeli mpya za wanyama, yaani makundi makubwa kabisa ya kuainishia viumbe, karibu hazigunduliwi tena, na kutokana na uwiano wa ngazi za juu, hadi makundi madogo ya familia na jenasi, walikadiria idadi ya spishi, yaani aina, zilizo chini. Wenyewe waliongeza kwamba huenda ikapungua au kuzidi kwa milioni 1.3, bakteria hawamo.

Kabla yao, mwaka 1982, mtaalamu wa wadudu Terry Erwin alifikia aina milioni 30 za wadudu na jamaa zao wa nchi za joto pekee. Alikuwa amefukiza dawa miti 19 ya aina moja huko Panama, wakaanguka mbawakawa wa aina zipatazo 1,200; akakisia kwamba 163 kati yake hutegemea mti huo pekee, kisha akazidisha kwa aina 50,000 za miti ya nchi za joto, akapata mbawakawa kama milioni 8, na kukisia wadudu wengine na jamaa zao hadi kufika milioni 30. Kuzidisha hakukuwa na kosa. Kilichoyumba ni ile 163.

Mwambie mwanao pia kwamba kiumbe kisichoandikwa si lazima kiwe hakijulikani. Mwaka 2007, huko Opala nchini mwetu Kongo, watafiti walimkuta kima akifugwa nyumbani kwa mkuu wa shule. Wenyeji walikuwa wakimwita lesula, nao watafiti walilinganisha mwili, sauti na DNA yake na za jamaa zake hadi 2012, ndipo akapata jina la kisayansi. Huyo aliharakishiwa: kwa wastani, kielelezo cha spishi mpya, yaani mwili wake uliohifadhiwa, hukaa kabatini miaka 21 kabla ya kuandikwa.