Maswali ya wasomaji: “Haleluya” ya Handel

SWALI: Mhariri, salamu. Kwaya yetu ya watu 18 inajifunza “Haleluya” ya mtunzi Handel kwa sol-fa (do, re, mi). Tukifika “Mfalme wa wafalme” soprano (sauti ya juu) wanashuka, na kinanda kikirudi tunajikuta tuko chini ya noti zake. Mwenyekiti naye anasema huo ni wimbo wa Krismasi, tuusubirishe hadi Desemba. Je, ni kweli? – Katibu wa kwaya, Moshi

JIBU: Imbeni Pasaka bila wasiwasi. “Haleluya” inafunga sehemu ya pili ya Messiah, utungo mrefu wa Handel wa kwaya na ala; sehemu hiyo inahusu mateso, kifo na ufufuko. Handel aliandika kazi yote mwaka 1741 kwa siku 24, na ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, siku chache kabla ya Pasaka. Desemba ni mazoea ya baadaye.

Idadi yenu isiwatie unyonge. Dublin waimbaji walikuwa kama 32 tu, wanaume na wavulana wa makanisa makuu mawili.

Sasa huko kushuka. Pale soprano wanakariri maneno juu ya noti moja, kisha wanapanda hatua moja: do, re, mi, hadi fa ya juu. Noti inayokaririwa hulegea pumzi inapopungua. Hatua inayofuata huanzia palipolegea, hivyo kosa linajilimbikiza. Wagawe soprano makundi mawili yapokezane pumzi, wasivute wote kwa pamoja. Mazoezini mpiga kinanda apige noti ya soprano peke yake kabla ya kila hatua. Tenori na besi (sauti za wanaume) wapunguze kelele kwenye “milele na milele”. Mara nyingi soprano hawasikii do yao kabisa.

Ikishindikana, shusheni do kutoka D hadi D-flati, yaani nusu hatua chini. Uma wa sauti (chuma cha kupimia noti) unaohusishwa na Handel ulitoa A ya mitetemo takriban 422 kwa sekunde, wakati leo tunatumia 440, yaani noti zake zilikuwa chini kuliko zetu, kwa hiyo hamtakuwa mmemkosea. Ila mkiwa na tarumbeta za D (zilizotengenezwa kupiga kwa D), msishushe.

Kabla ya “Haleluya” ya mwisho kuna kimya. Lazima mtu ataropoka hapo. Wote wamwangalie mwalimu, vitabu chini.

SWALI: Ni lazima hadhira isimame “Haleluya” ikiimbwa? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Si lazima. Desturi hiyo huelezwa kwa kisa cha Mfalme George II wa Uingereza kusimama alipousikia wimbo huu, lakini kisa hicho kinaonekana kwenye barua ya mwaka 1780, miaka 20 baada ya kifo cha mfalme huyo, hivyo ushahidi wake ni hafifu.