Shule ya msingi ya wanafunzi 132 na walimu wanne: inaendeshwaje

Mwalimu mwenzangu, hongera kwa uteuzi wa kuwa mwalimu mkuu. Umeuliza shule ya kijijini hapa Tanzania yenye mkondo mmoja, awali hadi la saba, wanafunzi 132, walimu wanne na wewe ukiwa ndani ya hao wanne, inaendeshwaje bila kukwama. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu semina nyingi za uongozi zinamfikiria mkuu wa shule ya watoto 800 mwenye mwalimu wa taaluma, wa nidhamu, wa stoo na wa mazingira, kila mmoja na kiti chake. Kwako hao wote ni watu wanne walewale.

Tuanze na fedha. Tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulipoondoa ada, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imepangwa sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zinabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 zinakuja kwenye akaunti ya shule, yaani sh 500 kwa mtoto kwa mwezi. Kwa watoto 132 unapata sh 66,000 kwa mwezi. Shule ya watoto 900 inapata 450,000. Sasa angalia matumizi: shule zote mbili zina madarasa nane kuanzia awali, zote zinahitaji madaftari ya mahudhurio, zinatunga na kuchapa mitihani ya kila darasa, na nauli yako kwenda halmashauri ni ileile ya mwenzako. Ruzuku inahesabu vichwa, gharama zinahesabu madarasa. Ukilielewa hilo hutajilaumu bure, na utajua pa kubana.

Pa kubana ni hapa: usitumie mwezi kwa mwezi. Panga kwa robo mwaka, yaani sh 198,000, na utenge kwanza vile visivyoepukika: chaki, karatasi na uchapaji wa mitihani, madaftari ya kumbukumbu. Kinachobaki ndicho cha bawaba ya mlango na saruji ya kuziba sakafu. Ukianza na ukarabati, mtihani wa muhula utaufanyia ubaoni.

Manunuzi ndiyo yanayozaa hoja za ukaguzi kwa shule ndogo kuliko kitu kingine chochote, na mara nyingi hakuna aliyeiba. Duka la kijijini halina EFD, ile mashine ya kutoa risiti za kodi, mwalimu ananunua chaki pale kwa sababu watoto wanasubiri, risiti inakuja ya mkono, mkaguzi anaikataa. Au fundi analipwa fedha yote taslimu bila kukatwa kodi ya zuio, ambayo ni asilimia 2 kwa bidhaa na asilimia 5 kwa huduma. Au manunuzi yanafanyika kwa mtu ambaye hayumo kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Dawa yake ni kuwa na wazabuni wawili au watatu wa kudumu mjini walio kwenye mfumo na wenye EFD, na kununua mara moja kwa robo. Mkuu wa shule jirani ana tatizo kama lako, kwa hiyo kodini usafiri mmoja. Ila kila shule iwe na risiti yake, hati yake ya malipo na muhtasari wake wa kamati. Msichanganye karatasi hata kama mzigo umepanda gari moja.

Mfuatano wa karatasi uwe huu siku zote: kamati ya shule inakaa na kupitisha matumizi, muhtasari unasainiwa, hati ya malipo inaandikwa, malipo yanafanyika, vitu vinapokelewa na watu wasiokuwa walionunua, vinaingizwa kwenye leja, halafu taarifa inaingia FFARS, mfumo wa taarifa za fedha za vituo, na nakala inabandikwa kwenye ubao wa matangazo ambapo mzazi yeyote anaweza kuisoma. Muhtasari ulioandikwa baada ya malipo hugundulika kwa kutazama tarehe tu.

Angalia pia watia saini wa benki mapema. Mtia saini akihama kijiji au akifariki, akaunti inaweza kukaa wiki nyingi bila kutoa shilingi huku barua zikizunguka. Na ile posho yako ya madaraka ya sh 200,000 kwa mwezi ni yako. Wapo wakuu wanaojaza mapengo ya shule kwa fedha hiyo kwa moyo mwema kabisa. Siwashauri, kwa sababu pengo linafichika, na anayepanga bajeti ya mwaka unaofuata haoni upungufu wowote.

Ratiba ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Fanya hesabu kabla ya kuchora jedwali. Chukua mfano wa vipindi 8 kwa siku kwa la tatu hadi la saba: madarasa matano mara vipindi 40 kwa wiki ni 200. La kwanza na la pili, vipindi 6 kwa siku, ni 60 vingine. Jumla 260, bila awali. Mwalimu mmoja akibaki awali mnabaki watatu, na hata mkifundisha bila kupumua mnafikia 120 tu. Chini ya nusu. Hakuna ratiba itakayoficha hilo, na kuandika vipindi vyote kwenye jedwali la ukutani huku madarasa yakikaa peke yake ni kuwadanganya watoto.

Kwa hiyo unganisha madarasa, ila kwa akili. La kwanza na la pili wakae chumba kimoja chini ya mwalimu mmoja wa kudumu, na awe mwalimu wako bora wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), si yule aliyebaki baada ya wengine kuchagua. Vipindi vyao ni vya dakika 30: dakika 15 anafundisha kundi moja huku lingine likiandika, kisha anageuka. Ubao ugawe kwa mstari wa rangi katikati. La tatu na la nne wapate mwalimu wa pili, lakini la nne wana upimaji wa kitaifa, hivyo Hisabati na Kiingereza wafundishwe peke yao. Masomo hayo mawili yamejengwa kwa ngazi, mtoto akiruka moja anaanguka zote. Sayansi au Jiografia na Mazingira zinavumilia kuunganishwa. La tano, la sita na la saba unagawana wewe na mwalimu wa nne.

Hapo mwalimu wa awali hayupo. Shule nyingi zinaziba kwa kijana wa kujitolea anayelipwa na wazazi. Inafanya kazi endapo makubaliano yamepita mkutano mkuu wa kijiji, fedha inakusanywa na kushikwa na serikali ya kijiji, na halmashauri ina taarifa ya maandishi. Tangu Rais Magufuli alipopiga marufuku michango ya lazima Januari 2018, mwalimu kushika daftari la michango ni kujitia kitanzi. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa, hata siku moja.

Chakula kinafuata njia hiyohiyo. Hesabu yake ni nyepesi lakini wengi huingia kwenye mkutano wa wazazi bila kuwa nayo. Ukikadiria gramu 120 za mahindi na 30 za maharage kwa mtoto, makande ya siku moja kwa watoto 132 ni karibu kilo 16 za mahindi na kilo 4 za maharage. Kwa siku 194 za masomo ni takriban gunia 31 za kilo mia za mahindi na karibu 8 za maharage. Igawe kwa kaya, omba wakati wa mavuno, si Januari ghala zikiwa tupu. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, na ufunguo uwe na mzazi mmoja na mwalimu mmoja, vitasa viwili. Chakula kikikatika wiki mbili, utaliona hilo kwenye daftari la mahudhurio, hasa kwa watoto wa madarasa ya chini ambao nyumbani ni mbali.

Vyoo kwa shule ndogo ni mzigo mdogo, hapa angalau udogo unakusaidia. Kwa kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, wasichana 66 wanahitaji matundu manne na wavulana 66 matatu. Ongeza chumba cha kujisitiri chenye maji kwa wasichana wakubwa.

Takwimu usizidharau. Idadi ya watoto iliyomo kwenye mfumo ndiyo inayoleta ruzuku, vitabu na walimu. Mtoto aliyehamia kwako lakini uhamisho wake haujakamilishwa kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, bado anahesabiwa alikotoka, na akifika la saba hivyo, usajili wa mtihani utakutoa jasho. Kwa shule ya 900, watoto kumi waliopotea kwenye mfumo ni kasoro. Kwako ni zaidi ya asilimia saba ya fedha yote.

Hilo linakwenda hadi kwenye matokeo. Ukiwa na watahiniwa tisa, mtoto mmoja ni asilimia 11. Mwaka mmoja utasifiwa kwenye kikao cha kata, mwaka unaofuata utaitwa kujieleza, na ufundishaji haujabadilika. Nenda kikaoni na majina na alama za kila mtoto kwa miaka mitatu, Afisa Elimu Kata aone mtoto mmojammoja.

Mwalimu mmoja akienda likizo ya uzazi, siku 84, umepoteza robo ya walimu. Mimba haiji ghafla, kwa hiyo andika barua ya kuazima mwalimu ndani ya kata miezi mitatu kabla, na mtihani wa ujirani mwema uutumie kugawana utungaji na shule za jirani.

Mwisho, tazama kalenda ya mtaala. Mtaala ulioboreshwa ulianza 2024 ukiwa na la tatu, kwa hiyo 2026 la tano wako kwenye mpya, la sita na la saba bado wa zamani. Mwaka huo waunganishe la sita na la saba, si la tano na la sita, vitabu haviendani. Ila mtaala mpya unaishia la sita, kwa hiyo 2027 la sita na la saba wanamaliza pamoja kwa mitaala miwili tofauti na hutaweza kuwaunganisha. Ombi lako la mwalimu wa tano liandike ukitaja mwaka huo, na lipeleke kabla bajeti ya 2026/27 haijafungwa.