Maswali ya Wasomaji: Ufa kati ya mkonge na plastiki, ni wa kweli au ni wa mashine?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, Dar es Salaam. Natengeneza vibao vya plastiki ya polipropilini iliyotiwa nyuzi za mkonge wa Tanga. Nyingine nimeziosha kwa kostiki (magadi makali) ili zishikane vizuri na plastiki, nyingine nimeziacha kama zilivyo. Msimamizi wangu alituma kipande kimoja cha kila aina kwenye maabara ya nje, wakavikata kwa mwale wa ioni, yaani atomu zenye chaji, na kuvipiga picha. Katika picha zote mbili uzi umeachana na plastiki, kuna ufa mweusi wa kama maikromita 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), na ndani ya uzi kumejaa matundu. Chini ya picha wameandika 5 kV, yaani kilovolti 5. Msimamizi anasema basi, kostiki haikusaidia kitu. Mimi sijaridhika. Huo ufa ni wangu au ni wa mashine?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kutoridhika.

Matundu kwanza, maana hayo hayana ubishi. Uzi wa mkonge unaouona kwa macho ni fungu la seli ndefu zilizoshikana, na kila seli ina uwazi katikati yake. Mkonge umezaliwa nayo, yaache. Yatakayonitia wasiwasi ni matundu ndani ya plastiki yenyewe, mbali na uzi. Hukuyataja, lakini rudi ukaangalie, kwa sababu nitayahitaji hapo chini.

Sasa ile 5 kV isikupumbaze. Mashine hizi zina mitutu miwili, wa elektroni unaopiga picha na wa ioni unaokata, na maandishi ya chini ya picha kwa kawaida ni ya ule wa elektroni. Ioni, mara nyingi za metali iitwayo galiamu, hukata kwa kilovolti 30. Halafu kuna mkondo wa umeme wa mwale huo, na huo ndio unaoiumiza plastiki. Piga hesabu: kilovolti 30 kwa nanoampea 3 ni maikrowati 90. Ni nguvu ndogo sana, ila yote inatua mahali padogo kuliko chembe ya vumbi, na polipropilini hupitisha joto vibaya mno, karibu mara 2,000 chini ya shaba. Shaba ingelisambaza joto hilo mara moja. Plastiki inakaa nalo, inalainika, inajikunja, na pale iliposhikana na uzi kwa shida inaachia. Kama mwale ulikuwa mkali hivyo, plastiki iliyo mbali na uzi nayo itakuwa na malengelenge au uso uliovimba. Ndiyo maana nimekutuma ukaitazame.

Kuna mshukiwa wa pili ambaye watu wa hadubini humsahau kwa kuwa hatoki kwenye mtutu wowote. Mkonge hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Dar unaijua. Ukiuingiza kwenye chumba cha ombwe cha mashine, kisicho na hewa, maji yanatoka, uzi unanywea, na ufa unafunguka kabla mtu hajawasha ioni. Vipande vyako vilikaushwa kwenye oveni kabla ya kutumwa? Na vilisafiri ndani ya nini?

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote huenda tayari uko kwenye picha zako. Kabla ya kukata, fundi huweka juu ya sampuli utepe wa platini, unene wa maikromita 1 hivi, ili kulinda uso. Utafute: ni mstari mweupe juu kabisa ya mkato. Ufuate hadi unapokutana na ufa wako. Ikiwa platini imezama kidogo mdomoni mwa ufa na kupaka kingo zake, ufa ulikuwepo kabla ya kukatwa. Ikiwa imepasuka juu ya ufa, na vipande viwili vya utepe vingeweza kuunganishwa tena, ufa umefunguka baadaye, nawe una la kumwambia msimamizi. Kama ufa haufiki juu, ushahidi huu hautakusaidia.

Na kipimo chako cha maikromita 1, ulikipima wapi? Mashine nyingi huutazama mkato kwa mshazari wa digrii 52, kwa hiyo urefu wa wima hufupika kwenye picha. Ufa ulio ubavuni mwa uzi unapimwa kwa mlalo, hauna shida. Ulio chini ya uzi unapimwa kwa wima; ukisoma 1, ukweli ni karibu 1.27, isipokuwa kama programu imeshasahihisha. Waulize.

Mimi nisingeanza na ioni hata kidogo. Uzi wa mkonge una upana wa maikromita 100 hadi 300, na mkato wa galiamu ni dirisha la maikromita 20 hivi. Ulichopewa ni kona moja ya uzi mmoja katika kibao kizima, na msimamizi anataka kuihukumu kostiki kwa kona mbili! Chukua vibao kadhaa vya kila aina, vizamishe kwenye naitrojeni ya kimiminika, iliyo baridi kali, vivunje, kisha utazame mivunjo kwa hadubini ya kawaida ya elektroni. Nyuzi zilizochomoka zikiwa safi, bila plastiki, hazikushikana. Zikiwa na mabaki ya plastiki ubavuni, zilishikana. Utahesabu nyuzi nyingi kwa siku moja, tena kwa bei ndogo.

Ukishapata picha ya jumla, ndipo urudi kwenye ioni kwa ajili ya mpaka wenyewe. Safari hii agiza kwa maandishi: sampuli ikaushwe kwanza, ipoozwe hadi kama -140°C wakati wa kukata, mkato wa mwisho uwe wa pikoampea 50 au 100 (pikoampea 1,000 ni nanoampea 1), na wakuandikie mkondo wa kila hatua. Waombe pia wakate sehemu moja yenye plastiki tupu, ya kulinganishia. Wakilalamika kwamba kwenye ubaridi huo gesi inayoleta platini huganda ovyo juu ya sampuli, ni kweli, wasiwekewe kinyongo. Waiweke platini kabla ya kupooza.