Dawati la wasomaji: Makala 41 hazina majibu, wahakiki wako kimya

*Shikamoo dada. Nina miezi minne kwenye jarida la kitaaluma la chuo kimoja hapa Dodoma, kazi yangu ni kusimamia uhakiki, yaani natafuta wahakiki (wataalamu wa kuisoma makala na kutoa maoni kabla haijachapwa), nawatumia makala, nawafuatilia, afu napeleka maoni kwa mhariri. Nimekuta makala 41 hazijatolewa uamuzi, zingine zina zaidi ya mwaka. Wahakiki hawajibu imeili. Waandishi wananipigia kila siku, kuna mwalimu mmoja alilia kabisa kwenye simu anasema bila hiyo makala hapandi daraja. Mhariri mkuu ananiambia "fuatilia tu". Nafuatiliaje? (Msomaji, Nkuhungu)*

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Hiyo kazi nimeifanya miaka saba najua ile hali ya kuona simu inaita unaogopa kupokea.

Kwanza acha kutuma vikumbusho, hata kwa siku mbili tatu. Kaa chini ufungue makala moja moja, zote 41, uziandike kwenye Excel: imeingia lini, saivi iko mikononi mwa nani, iko kwake tangu lini, hatua inayofuata ni ipi na tarehe yake. Hiyo ya "mikononi mwa nani" usikubali kuandika "kwa wahakiki" ukaishia hapo, andika jina la mtu. Nakwambia hivi kwa sababu mi nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza nilikua na uhakika kabisa tatizo ni wahakiki, kumbe nyingi tulikua tumezikalia sisi wenyewe ofisini. Kulikua na makala ya kilimo cha mtama imekaa miezi tisa, mwandishi yuko Kondoa anasubiri, na maoni ya wahakiki wote wawili yalisharudi zamani, yalikua kwenye imeili ya mhariri msaidizi aliyeenda masomoni na hakuna aliyerithi kazi zake! Nilimpigia yule mwandishi nikamuomba radhi mwenyewe, mpaka leo nikikumbuka naumia. Utakuta pia mhakiki alishasema hana nafasi na hakuna aliyetafuta mwingine, na barua ya masahihisho imetumwa kwa imeili ya chuo ambacho mwandishi alishahama.

Ukishapata hiyo orodha nenda nayo kwa mhariri mkuu, zile zinazosubiri uamuzi wake zitenge juu, omba akae nawe nusu siku mzimalize. Usimwambie amechelewesha, muonyeshe tarehe tu.

Sasa hao wahakiki walio kimya. Aliyepitisha wiki sita bila neno, mwandikie kwa heshima kwamba unamtoa kwenye makala hii bila ubaya wowote na utamtafuta siku nyingine, afu tafuta mwingine siku hiyohiyo. Na mwaliko wenyewe usiwe faili zima lililotupwa tu kwenye imeili ya mtu, tuma kichwa cha makala, ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo), na tarehe unayotaka maoni, muulize anaweza au hawezi. Akikaa siku saba hajajibu, nenda kwa mwingine. Akikubali mpe wiki tatu, mkumbushe siku chache kabla ya tarehe, mkumbushe tena ikipita, baada ya hapo piga simu. Maprofesa wetu wengi imeili hawafungui lakini WhatsApp wanajibu dakika hiyohiyo, kwaiyo tumia, ila kwa kukumbusha tu, makala usiitume huko, hiyo ni siri ya mwandishi mpaka itoke.

Na wajue watu wako. Wiki za kusahihisha mitihani usimsumbue mwalimu. Nilikua na mzee mmoja wa Dar aliyekua anakuja vikao vya serikali Mtumba hapa Dodoma kila mara, akaniambia makala zetu anazisoma kwenye treni ya SGR, basi nikawa namtumia siku moja kabla ya safari yake, hakuwahi kunichelewesha tena.

Ishu kubwa zaidi ni kwamba majarida yetu yana watu walewale watano wanaoombwa kila kitu mpaka wanachoka, afu tunawaita wavivu, na hiyo sio haki kabisa, hawa watu hatuwalipi! Angalia marejeo ya makala yenyewe utakuta majina, angalia waliowahi kuchapa kwenu, angalia waliomaliza shahada ya uzamivu miaka ya karibuni, hao vijana ndo wanasoma mstari kwa mstari. Hakikisha tu hawako idara moja na mwandishi na hawajaandika naye. Akimaliza mpe barua ya shukrani yenye muhuri aiweke kwenye CV yake, na kama ana namba ya ORCID (namba ya kimataifa ya kumtambulisha mtafiti) mwambie kazi ya uhakiki inaweza kurekodiwa huko pia.

Mwisho kwa upande wako, kama mnatumia OJS (programu ya kuendesha majarida mtandaoni), vile vikumbusho vya wahakiki inaweza kutuma yenyewe, lakini mara nyingi inabidi mtu wa IT awashe kazi za ratiba (scheduled tasks) kwenye seva, ofisi nyingi zinajaza siku za kukumbusha kwenye mipangilio afu wanashangaa hakuna kinachoenda. Na yule mwalimu aliyelia mpigie leo, usisubiri hata orodha iishe. Mwambie makala yake iko kwa nani na lini utampigia tena.

*Dada habari za kazi. Mwandishi mmoja alitupendekezea wahakiki watatu, wote wana Gmail, tukawatumia, wote wakajibu ndani ya siku mbili na wote wanasema ichapwe kama ilivyo. Mhariri amefurahi, mi nina wasiwasi. (Mhariri msaidizi, Kikuyu)*

Kaka wasiwasi wako ni wa kweli, isimamishe hiyo makala. Mwaka 2012 huko Korea Kusini aligundulika mtafiti wa dawa za mimea aliyekua anapendekeza majina ya wahakiki ila imeili zinarudi kwake mwenyewe au kwa wenzake, na kilichomshtua mhariri ni hichohicho, maoni yanarudi ndani ya saa 24. Mwaka 2014 jarida la Journal of Vibration and Control lilifuta makala 60 kwa mkupuo, na mwaka 2017 Tumor Biology likafuta 107, zote kwa uhakiki wa kughushi.

Gmail peke yake sio kosa, walimu wetu wengi wanaitumia kwa sababu imeili ya chuo haifunguki nusu ya mwezi. Kwaiyo usimtuhumu mtu. Tafuta hayo majina kwenye tovuti ya chuo chao, linganisha na imeili zilizo kwenye makala walizochapa, piga simu idarani uulize kama mwalimu huyo yupo na imeili yake ni ipi. Tafuta wahakiki wawili wapya mliowachagua nyie wenyewe. Ikithibitika ni udanganyifu msikurupuke, COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, ina michoro ya hatua kwa hatua ya kesi kama hii, ni bure, fuateni hiyo na kila kitu kiwe kwa maandishi. Na kuanzia sasa jina lililopendekezwa na mwandishi mlichukulie kama fununu ya kwenda kuchunguza, msilitumie moja kwa moja.

*Mama, sisi tunaficha majina pande zote mbili, mhakiki hamjui mwandishi na mwandishi hamjui mhakiki, lakini mhakiki juzi kaniambia "huyu si fulani?" Amejuaje? (Msomaji, Makole)*

Mwanangu fungua faili la Word uangalie sifa zake (Properties), jina la mwandishi huwa linabaki humo hata ukilifuta ukurasa wa kwanza. Angalia na jina la faili lenyewe, sehemu ya shukrani, na zile sentensi za "kama nilivyoonyesha kwenye utafiti wangu". Hayo yote safisha kabla hujatuma.

Ila kuna ambayo huwezi kuyaficha. Makala ya zabibu za Hombolo, kwa mtu wa kilimo hapa Dodoma, ataotea tu. Hapo muulize mhakiki wazi kama wanafanya kazi pamoja au wana ugomvi, aandike jibu lake, umpe mhariri aamue kama anaendelea naye. Na makala ya namna hiyo mhakiki mmoja mtafute mbali, hata Kenya au Afrika Kusini wanakolima zabibu.