Kukodi majaruba Usangu: angalia mfereji kabla ya mvua

Ndugu yangu, unauliza kama ukodi majaruba (vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta) ya mpunga Mbarali, kwenye bonde la Usangu, kwa kuwa msimu uliopita ulinyesha vizuri. Msimu mmoja hauthibitishi kitu. Kule mvua ni ya msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, na jumla yake inaweza kuwa nzuri huku Februari ikikauka wiki mbili mpunga ukitoa masuke. Omba takwimu za mvua za kila mwezi, za miaka mingi, siyo jumla ya mwaka.

Halafu, maji ya mfereji hutoka milimani kusini, kwenye mito kama Chimala, Kimani na Mbarali. Kwa hiyo ulizia na mvua ya huko juu. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya mito hiyo, ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993, na kilimo cha umwagiliaji kinatajwa sana kuwa chanzo, si ukame peke yake. Ndiyo maana vibali vya maji vinabana.

Mwenye shamba atakuonyesha jaruba limejaa maji Machi, nani asingependa! Wewe nenda Oktoba, fuata mfereji kutoka banio (pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini) hadi kwenye shamba lake, uhesabu matoleo ya maji ya mashamba mengine yaliyo mbele yako. Ukiwa wa mwisho, kodi ishuke au achana nalo. Zamu za maji waulize jumuiya ya watumia maji, siyo dalali.