Uliza Fundi: Diski inapotea kila asubuhi, na diski yenyewe haina kosa

Mwezi huu maswali karibu yote ni ya seva za nyumbani, yani ile kompyuta ya mtumba uliyoiokoa ofisini au ukainunua Kariakoo, ukaijaza diski, ukaiweka kwenye kona ili nyumba nzima au studio nzima itunze vitu vyake humo. Nimechukua matano. La kwanza nimelipatia nafasi kubwa kwa sababu ndilo ninaloletewa kila mara, linabadilisha sura tu.

SWALI: Kaka habari za kazi. Nina studio ya video za harusi hapa Mwanza. Nilichukua desktop ya zamani ya ofisi, prosesa i5 ya kizazi cha pili, ramu 8, nikaweka OpenMediaVault (ile programu ya kuigeuza kompyuta kuwa seva ya mafaili) na diski nne. Shida ni kwamba asubuhi nikifungua folda inaganda kama nusu dakika hivi afu diski moja inapotea kabisa, nikizima na kuwasha inarudi kama hakijatokea kitu. Nikanunua diski mpya nikaiweka palepale, nayo ikaanza kupotea! Fundi wa hapa anasema diski za siku hizi ni feki. Nimeangalia SMART, yani ripoti ya afya ya diski, ya hiyo mpya, namba 5 sifuri, 197 sifuri, ila 199 inasoma 3418. Pawasaplai imeandikwa 250W, diski mbili zimepata umeme kwa adapta ya kugawa. Nina harusi za watu humo ndani, nifanyeje?

JIBU: Pole sana mtu wangu. Kabla hujafungua kava, kopi harusi za watu kwenye diski ya nje, leo hii, wakati mashine bado inasoma. Mengine yote yanasubiri.

Haya. Swali lako umeshalijibu nusu bila kujua. Umebadilisha diski, ugonjwa ukabaki. Ina maana ugonjwa haukai kwenye diski, unakaa kwenye ile nafasi: kebo yake, umeme wake, au tundu lake kwenye mazabodi, yani ule ubao mkuu wa kompyuta. Namba za SMART nazo zinasema hivyohivyo. 5 ni sekta zilizokufa zikabadilishwa, 197 ni sekta zenye mashaka zinazosubiri kuhukumiwa, hizo zikipanda ndo diski inakufa kweli na hapo sibishani na fundi wako. 199 ni kitu kingine kabisa, inahesabu data iliyoharibika njiani, kati ya diski na mazabodi. Diski mpya yenye 3418 kwenye 199 na sifuri kwingine, huyo ni waya bana, au umeme unaoyumba. Na hesabu hiyo hairudi sifuri hata ukitengeneza, kwa hiyo iandike kwenye karatasi, badilisha kebo ya data, tumia mashine kawaida wiki nzima, uangalie tena. Ikibaki 3418 umepona.

Sasa kwa nini asubuhi. Usiku diski hazina kazi, OpenMediaVault ikiwa umeiruhusu inazilaza zinaacha kuzunguka. Asubuhi unagusa folda zinaamka, na diski kubwa ya inchi 3.5 ikiwa inaanza kuzunguka inavuta kama ampia 2 kwenye laini ya volti 12, yani wati 24 hivi, wakati ikishazunguka inatulia kwenye wati chache tu. Nne zikiamka kwa pamoja ni karibu wati 100 kwa sekunde kadhaa, na pawasaplai yako ni ya mwaka 2011 huko, kapasita zimechoka, na ile 250W ya kwenye lebo ni jumla ya laini zote. Wewe soma kwenye lebo ampia za volti 12 peke yake, hapo ndo utajua una kiasi gani. Volti ikishuka kidogo diski inashindwa kuamka vizuri, Linux, mfumo ulio chini ya OpenMediaVault, inaisubiri sekunde 30, hizo ndizo nusu dakika zako, halafu inaanza kuipiga reset. Andika dmesg (amri ya kuonyesha kumbukumbu za mfumo) kwenye terminali mara tu baada ya tukio, ukikuta mistari ya "hard resetting link" na mwishoni "limiting SATA link speed to 1.5 Gbps" au "SATA link down" basi ndo hadithi hiyohiyo.

Jaribio la bure: zima ule mpangilio wa kulaza diski, acha zizunguke usiku kucha. Zikiacha kupotea, mshukiwa wako mkuu ni umeme. Zikiendelea kupotea, badilishana kebo kati ya diski mbovu na diski nzima, uone ugonjwa unahamia wapi. Kitu kimoja kwa wakati mmoja tafadhali, ukibadilisha kebo na tundu na pawasaplai siku moja ikapona hutajua kilichoponya ni kipi, na ikirudi unaanza upya.

Na hiyo adapta ya kugawa umeme nataka uitoe uiangalie kwa macho. Zile ambazo plagi yake ya SATA, yani aina ya plagi za diski zako, imemwagiwa plastiki moja na waya, huoni hata waya unaingiaje, zina sifa mbaya duniani kote, waya ndani zinaweza kusogea zikagusana na plagi ikaungua na diski. Ukikuta plastiki imegeuka kahawia karibu na pini au inanuka kuungua, usiirudishe. Tafuta zile ambazo plagi ina kifuniko cha nyuma na kila waya umebanwa peke yake, au bora zaidi tafuta pawasaplai ya kawaida yenye plagi za SATA za kutosha ili usihitaji adapta. Ila desktop nyingi za ofisi plagi yake ya mazabodi si ya kawaida, hesabu pini kabla ya kutoa hela.

Kuna jambo moja la pembeni kwa sababu umesema kizazi cha pili. Tarehe 31 Januari 2011 Intel walitangaza kosa kwenye chipuseti za mazabodi za kizazi hicho, wakasimamisha kuzisafirisha. Matundu ya SATA namba 2 hadi 5, yale ya kasi ya 3 Gbps, yanachoka taratibu kadri miaka inavyokwenda na diski zinaanza kukatika, ila matundu 0 na 1 ya 6 Gbps hayana shida. Toleo bovu linaitwa B2, lililorekebishwa linaitwa B3. Mashine nyingi za ofisi zilitoka baadaye zikiwa na B3, lakini kwenye mtumba huwezi kujua, kwa hiyo washa kwa diski ya Windows ufungue CPU-Z, programu ya kusoma chipu za mashine, uangalie. Ukikuta B2, tumia tundu 0 na 1 tu, na diski zilizobaki ziweke kwenye kadi ndogo ya PCIe yenye chipu ya ASM1061, ina matundu mawili na Linux inaijua bila kuweka kitu.

Kuhusu diski feki, fundi wako hajasema uongo kabisa. Diski zilizotumika zinafutwa vumbi zinauzwa kama mpya. Angalia SMART namba 9, masaa iliyowashwa. "Mpya" ikisoma masaa 30,000 imeshazunguka zaidi ya miaka mitatu kwa mtu mwingine, irudishe dukani.

SWALI: Fundi, niko Mombasa. Nimenunua diski ya terabaiti 3, nimeitia kwenye kompyuta yangu ya kitambo kupitia kile kidoki cha USB cha kuchomekea diski kwa nje, inaonyesha 746GB pekee! Nimeibiwa?

JIBU: Hujaibiwa ndugu yangu, kidoki chako ndicho hakijui kuhesabu. Vifaa vya zamani vinahesabu sekta kwa biti 32, mwisho wake ni sekta 4,294,967,296, zidisha kwa baiti 512 unapata terabaiti 2.2 kasoro kidogo. Diski ya 3TB ikipita hapo, hesabu inaanza upya kutoka sifuri na wewe unaonyeshwa kile kilichobaki juu, ambacho ndiyo hiyo 746GB kamili. Kila anayeleta swali hili analeta namba hiyohiyo.

Usiandike kitu humo! Iondoe, ichomeke moja kwa moja kwenye SATA ya mazabodi, uipange upya kwa GPT (mtindo mpya wa kugawa diski) badala ya MBR (ule wa zamani). Diski ya kuhifadhia tu itafanya kazi hata kwenye BIOS (programu ya kuamshia kompyuta) ya zamani, kwa sababu Linux ikishawaka inaongea na diski yenyewe, cha muhimu isiwe ndiyo ya kubutia. Na ukinunua kidoki kipya kumbuka baadhi yake vinaidanganya kompyuta kwamba sekta ni za baiti 4096, ukijaza diski humo halafu ukaihamishia kwenye SATA itaonekana tupu kumbe data ipo. Ikikutokea usiformati, irudishe kwenye kidoki chake kwanza.

SWALI: Seva yangu hapa Dodoma inakopi kwa megabaiti 11 kwa sekunde, haipandi wala haishuki. Nimeongeza ramu hadi 16 haijasaidia. Pia laptop mpya yenye Windows 11 inagoma kabisa kufungua folda, za zamani zinafungua.

JIBU: 11 isiyopanda wala kushuka ni mtandao wa megabiti 100, ramu haihusiki hapo. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za waya kwenye kebo, megabiti 100 inatosheka na jozi mbili, kwa hiyo uzi mmoja ukikatika au ukibanwa vibaya kichwani hupati kosa lolote, unapata mwendo wa kinyonga. Andika ethtool na jina la kadi yako ya mtandao kwenye terminali, ukiona Speed: 100Mb/s badilisha kebo, ikibaki vilevile angalia rauta, nyingi za kupewa na intaneti zina matundu ya 100 tu, hapo nunua swichi ndogo ya gigabiti na uchomeke seva na kompyuta zako humo. Ikikaa sawa utaona megabaiti 100 na zaidi kwa sekunde, diski ikiweza.

Laptop mpya inagoma kwa sababu folda yako umeiacha wazi bila paswedi. Windows 11 toleo la 24H2 limezidisha ukali kwenye hizo, na ile SMB1, njia ya zamani ya Windows ya kufungua folda za mtandaoni, ilishaondolewa kwenye Windows mpya tangu 2017, mwaka uleule wa kirusi cha WannaCry. Utaona watu wanakuambia uirudishe SMB1, usiwasikilize. Tengeneza mtumiaji mwenye paswedi kwenye seva, ingia kwa jina hilo, yameisha.

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma chuo Arusha, seva yangu ni kompyuta ya mwaka 2009. Umeme ukikatika ukirudi haiwaki yenyewe, nikiwasha inaniambia nibonyeze F1, tarehe imerudi nyuma miaka, na wakati mwingine inasema hakuna diski ya kubuti.

JIBU: Marahaba. Betri ya mazabodi imekufa, ile ya duara CR2032, fundi saa yeyote anayo. Pima kwa mita, mpya inasoma volti 3 na kidogo. Ikifa, umeme ukikatika BIOS inasahau kila ulichoiambia, ikiwemo diski gani ianze, ndo maana inakwenda kubutia kwenye diski ya data na kukosa. Tarehe ikiwa ya zamani hata apudeti zitagoma, maana vyeti vya tovuti vitaonekana bado havijaanza kutumika.

Ukishaweka mpya ingia BIOS upange vitu vitatu: tarehe, SATA iwe AHCI (njia mpya ya kuongea na diski) isiwe IDE (ya zamani), na ile sehemu ya umeme ukirudi, huandikwa AC Recovery au kitu kama hicho, iwe On. Ila kama kwenu umeme unakuja na kukata mara tatu ndani ya dakika moja, mi naona bora uiache Off uwashe mwenyewe, au utafute UPS yenye waya wa USB uweke programu ya NUT, inaizima seva kistaarabu betri ikikaribia kuisha. UPS isiyo na USB inakuchelewesha tu, ukiwa haupo nyumbani mwisho wake ni uleule.

SWALI: Fundi, mimi ni katibu wa kwaya, Morogoro. Kijana amefuta folda ya nyimbo zetu zote tulizorekodi kwenye seva. Diski ziko mbili kwa RAID 1, kila kitu kinaandikwa kote. Naitoaje kwenye ile ya pili?

JIBU: Dada yangu, huitoi. RAID 1 imefuta kote kwa sekunde ileile, kazi yake ni diski moja ikifa usisimame, haikulindi na mkono wa mtu. Aliyekuuzia wazo hilo kama bakapu alikukosea.

Lakini kwanza angalia, kama aliyeipanga OpenMediaVault aliwasha Recycle bin kwenye ile folda ya mtandao, vilivyofutwa vipo ndani ya folda iliyofichwa inaitwa .recycle, ingia uvichukue. Haikuwashwa? Zima mashine sasa hivi, usirekodi wimbo mwingine humo, maana kila kinachoandikwa kinaweza kukalia juu ya mnachokitafuta. Chomoa diski moja uifungie kabatini, hiyo haiguswi na mtu. Ya pili ichomeke kwenye kompyuta nyingine iliyobuti Linux kwa fleshi, uendeshe PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, na vinavyopatikana uvipeleke kwenye diski ya tatu, usirudishie hapohapo. PhotoRec inatambua faili kwa umbo lake la ndani kwa hiyo WAV na MP3 mtapata nyingi, ila majina yote yatakuwa yamepotea, mtakaa na wanakwaya kusikiliza moja moja na kuzipa majina upya. Mwambie fundi yeyote utakayempelekea asiformati "kwanza ili aone", na akisema hivyo chukua diski yako uondoke.