Je, mwenye sonona "amepungukiwa na homoni ya furaha"?

SWALI: Natayarisha kijikaratasi cha afya ya akili kwa wasomaji wa hapa Lamu. Nimeandika: "Mwenye sonona amepungukiwa na homoni ya furaha, na dawa humwongezea." Mwenzangu ataka "sonona" iwe "msongo wa mawazo". Tufuate lipi?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Sarufi yako ni safi. Kasoro imo katika "homoni" na katika vitenzi viwili, "amepungukiwa" na "humwongezea". Virekebishe kabla ya kuchapisha, maana mgonjwa ataviamini.

Serotonini, ile uliyoiita "homoni ya furaha", hutolewa kwenye ncha ya seli moja ya neva, ikavuka mwanya mwembamba mno na kugusa vipokezi vya seli ya pili, kisha seli iliyoitoa huifyonza tena. Homoni husafiri kwa damu hadi viungo vya mbali, kwa hiyo hapa andika "kemikali ya kupitisha ishara". Kwa seli moja na jirani yake kitenzi ni "kupitisha", kwani ishara huelekea upande mmoja. Kwa ubongo mzima, "seli hupashana ishara" ni Kiswahili kitamu zaidi.

Dawa nazo haziongezi kitu kutoka nje. Fluoksetini, dawa ya sonona iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, haina serotonini ndani yake. Huizuia isifyonzwe upesi, ikadumu zaidi mwanyani. Kazi hiyo huanza katika muda wa saa chache, ilhali nafuu yenyewe kwa kawaida huchukua wiki kadhaa. Lau ungekuwa upungufu wa kujazwa tu, nafuu ingekuja mapema. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 nayo hayakupata ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na uhaba wa serotonini. Basi tumia "huhusiana na", usitumie "husababishwa na".

Hili si suala la ufasaha peke yake. Aliyeambiwa amepungukiwa aweza kuacha vidonge wiki ya kwanza kwa kuona hakujazwa, au kuviacha ghafla akishapata ahueni, akapatwa na kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi. Ningeandika hivi:

"Sonona huhusiana na mabadiliko katika namna seli za ubongo zinavyopashana ishara. Dawa husaidia upashanaji huo. Nafuu huja polepole, na usiache dawa bila kumwuliza daktari."

Kuhusu mwenzako: msongo wa mawazo ni mzigo wa mambo yanayomkabili mtu, kama deni au kesi, nao waweza kuchangia sonona bila kuwa sonona. Jitimai, neno zuri la pwani ambalo ningependa lisipotee, ni majonzi makubwa, kama ya kufiwa. Daktari husema sonona pale huzuni au kutovutiwa na chochote kunapodumu karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na dalili nyingine za usingizi, hamu ya chakula au nguvu za mwili. Bakia na "sonona", uifafanue mara moja mwanzoni.

Bipola, ugonjwa mwingine wa akili, ipe aya yake. Ina vipindi vya sonona na vya mchangamko uliopita kiasi, na dawa za sonona zikitumiwa peke yake zaweza kumrusha mgonjwa kwenye mchangamko huo.

Na mchapaji asikuharibie tahajia: "kisonono" ni ugonjwa wa zinaa.